Duka la Mbali: Historia ya Kumuuzia Mtu Usiyemwona

Biashara ya ana kwa ana ina hazina ambayo mwenye duka huitumia kila siku pasipo kuihesabu. Mnunuzi aingiapo dukani huishika bidhaa, huipindua, huinusa ikiwa ni ya kunuswa, huuliza bei, hulalamika, hupunguziwa, huutazama uso wa muuzaji akajua kama una haya au hauna. Na atokapo hali amenunua, hukumbuka kwamba mlango ule upo, na kwamba kesho, ikiwa kitambaa kitachuja au kufuli itakataa ufunguo, atarudi na kumkuta mtu wa kumdai. Yote hayo hutendeka kwa dakika chache, wala hapana ayatajaye, kwa kuwa macho, mikono na ujirani huyatimiza yenyewe. Lakini mnunuzi akiwa mbali, hazina hiyo hutoweka yote kwa mara moja, na maswali yaliyokuwa yakijibiwa na macho hudai kujibiwa kwa maandishi: ni nani auzaye, anauza kitu gani hasa, bei yake kamili ni kiasi gani, kitanifikiaje, na kisiponifaa nitafanya nini?

Katika zama hizi mwenye duka dogo, mwenye nyumba ya wageni na fundi seremala huambiwa na kila mtu kwamba hawana budi kuwa na tovuti. Nao hutafuta kijana wa kuwatengenezea, hulipa, hufurahi kuyaona majina yao kwenye kioo cha simu, kisha hungoja wateja wasije, wakasononeka, wakadhani kasoro iko katika rangi au katika mitambo. Ninakusudia kuonyesha kwamba tovuti ni tawi changa la mti wenye umri wa zaidi ya miaka 150, yaani kazi ya kumuuzia mtu usiyemwona. Kwamba waliotutangulia katika kazi hiyo walikwisha kuyapata, kwa hasara na kwa jasho, majibu ya mengi yanayotutatiza leo. Na kwamba kila kizazi kilichoyapuuza maswali yale matano kiliadhibiwa na soko bila ya huruma.

Kazi hiyo, kwa umbo linalofanana na letu, ilianza katika mji wa Chicago. Aaron Montgomery Ward alikuwa wakala msafiri aliyezunguka katika vijiji vya bara ya Marekani akiyauzia bidhaa maduka ya mashamba, na katika safari zake aliwasikia wakulima wakinung'unika kwamba kila kitu kinachotoka mjini huwafikia kikiwa kimepita mikono mingi, kila mkono ukiongeza faida yake, na kwamba duka la kijiji, kwa kuwa ni peke yake, huuza kwa bei ipendayo. Ward akawaza kununua kwa jumla mjini na kumuuzia mkulima moja kwa moja kwa njia ya posta na reli. Moto mkubwa ulioiteketeza Chicago katika Oktoba 1871 uliiunguza shehena yake ya kwanza kabla hajaanza. Naye hakukata tamaa, bali mnamo Agosti 1872, pamoja na washirika wawili na rasilimali ya dola 1,600, alitoa karatasi moja tu iliyoorodhesha bidhaa 163 pamoja na bei zake na maelezo ya namna ya kuagiza.

Tuiangalie karatasi ile kwa nadhari. Haikuwa na picha wala nakshi, wala haikuwa na maneno ya kujisifu yenye urefu wa maana. Ilikuwa orodha: kitu, kadiri yake, bei yake, basi. Lakini kwa mkulima aliyezoea kuuliza bei na kutajiwa kwa kadiri ya nguo alizovaa na haraka aliyo nayo, bei iliyochapishwa, iliyo moja kwa tajiri na maskini, ilikuwa habari kubwa kuliko picha yoyote. Aliweza kuisoma jioni kwa taa, akailinganisha na bei ya duka la kijijini, akashauriana na mkewe, akaamua bila ya kusukumwa na mtu aliyesimama mbele yake.

Hata hivyo swali la kwanza, la nani auzaye, lilikuwa halijajibiwa vya kutosha, na jambo hilo lilidhihirika upesi. Katika mwaka 1873 gazeti la Chicago Tribune liliwaonya wakulima wajihadhari na kampuni ile, likidai kwamba bei zake haziwezi kuwa za kweli na kwamba ni kampuni iliyojificha, isiyofikiwa ila kwa barua zipelekwazo kwenye sanduku la posta. Tuhuma hizo hazikuwa za haki, na kabla ya mwaka kwisha gazeti lenyewe lilizifuta. Ila ndani yake mna funzo ambalo mwenye insafu hawezi kulikana. Mtu asiyeonekana hushukiwa. Hapana dhambi katika shaka hiyo, kwa maana mnunuzi anapeleka fedha yake mbele kwa mtu asiyemjua, na busara humwambia asite. Wajibu wa kuiondoa shaka ni wa muuzaji, wala si wa mnunuzi.

Ward aliuelewa wajibu huo. Alitafuta ushuhuda wa watu ambao wakulima waliwaamini tayari, yaani chama chao wenyewe cha Grange kilichoasisiwa mwaka 1867, akajitangaza kuwa muuzaji wa wanachama wake. Na katika mwaka 1875 akatoa ahadi iliyobadilisha biashara ya dunia, kwamba asiyeridhika na bidhaa airudishe na kurudishiwa fedha zake. Kwa ahadi ile swali la tano, ambalo ndilo gumu kuliko yote, lilipata jibu, na hatari iliyokuwa juu ya kichwa cha mnunuzi ikahamia kichwani mwa muuzaji. Wengi walidhani atafilisika. Kinyume chake, karatasi ile moja ikawa kijitabu, na kijitabu kikawa kitabu kinene cha kurasa mamia.

Baada yake akaja Richard Sears, aliyekuwa karani wa stesheni ya reli huko Minnesota, ambaye mwaka 1886 alianza kwa kuuza saa za mfukoni, na ambaye mwaka 1893 kampuni yake ilipata jina la Sears, Roebuck. Sears alikuwa na kipawa cha maneno kilichopita mpaka. Aliandika kwa mvuto mkubwa hata wateja wakaagiza kwa wingi, na mara nyingine kilichowafikia kikawa hakifanani na kilichosifiwa, kikarudishwa. Ilihitajika busara ya mshirika aliyeingia mwaka 1895, Julius Rosenwald, kuyapunguza maneno yale na kuyarudisha katika ukweli, na mwaka 1911 kampuni ikafungua maabara ya kuzijaribu bidhaa ili kilichoandikwa kitabuni kilingane na kilichomo sandukuni. Hivyo ilidhihirika kwamba sifa zilizozidi kipimo ni deni. Huleta agizo la kwanza, kisha hulifukuza la pili.

Kitabu cha Sears kilikuwa na fadhila nyingine ambayo ningependa wenye tovuti wa kwetu waitafakari. Kiliwaalika wateja waandike kwa lugha yoyote waijuayo, na kwa mwandiko wowote, uwe mzuri au mbaya, kwani katika ofisi wamo watu wa kuutafsiri. Marekani ya wakati ule ilikuwa imejaa wahamiaji kutoka Ulaya ambao Kiingereza kilikuwa kizito vinywani mwao, na ambao katika duka la mjini walichekwa au kupunjwa. Kampuni iliyowaambia wasione haya iliwapata, ikawa nao, wao na watoto wao. Nasi leo huona katika pwani yetu fundi ambaye wateja wake tisa katika kumi huzungumza Kiswahili, na tovuti yake haina hata sentensi moja ya Kiswahili.

Posta nayo ilitimiza sehemu yake. Mpango wa kuwapelekea watu wa mashambani barua hadi majumbani, ulioanza mwaka 1896, na mpango wa vifurushi ulioanza tarehe 1 Januari 1913, ililijibu swali la nne, la namna bidhaa itakavyofika. Kabla ya mipango hiyo mteja alilazimika kusafiri hadi stesheni kuchukua mzigo wake. Biashara ya mbali hustawi kwa kadiri njia yake ilivyo nyepesi, na kila hatua inayopunguzwa kati ya shauku ya mnunuzi na kupokea kwake ni faida kwa muuzaji.

Palikuwa pamebaki elimu moja, nayo ni ya kupima. Wahenga wetu wamesema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na wauzaji wa mbali wa Marekani waliuona ukweli huo katika matangazo yao. Claude Hopkins, mwandishi wa matangazo aliyetoa kitabu chake maarufu juu ya elimu hiyo mwaka 1923, alieleza desturi ya kuweka katika kila tangazo kipande cha kukatwa na kurudishwa, kila kipande kikiwa na alama yake, ili zihesabiwe barua zilizoletwa na kila tangazo. Kichwa cha habari hiki kilileta barua nyingi, kile kikaleta chache. Basi hiki kitumike, kile kiachwe. Kwa njia hiyo ubishi wa ofisini juu ya maneno mazuri ulikatwa na hesabu, na mteja mwenyewe akafanywa hakimu. Wale ambao leo hutengeneza kurasa mbili za tovuti zilizotofautiana jambo moja, wakaangalia ni ipi iliyoleta maagizo mengi zaidi, wanarudia kazi ya vile vipande vya karatasi.

Pwani yetu nayo haikuwa nyuma katika ustadi wa kumfikia mtu asiyeonekana, ijapokuwa ilipita njia yake yenyewe. Katika Mombasa, nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanzishwa mwaka 1887, iliuza kanga. Na inasimuliwa kuwa mfanyabiashara huyo, aliyejulikana kwa watu kwa jina la Abdulla, ndiye aliyeueneza mtindo wa kuandika maneno juu ya kanga katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, kwanza kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa hati za Kirumi. Shika kanga mikononi uitazame. Kuna pindo lizungukalo pande zote nne; kuna mji, ambao ni uwanja wa katikati; kuna jina, yaani maneno yaliyopigwa chapa chini ya mji, ambayo mwanamke huyachagua kwa makini kwa sababu yatasema kwa niaba yake mbele ya mume, jirani au wifi; na kisha, kwa herufi ndogo zisizogombana na jina, kuna alama ya mwenye mali: K.H.E., Mali ya Abdulla.

Mpango ule una hekima kubwa. Kikubwa juu ya kitambaa ni kile ambacho mnunuzi anakitaka, na kidogo ni jina la muuzaji. Lakini hilo dogo halikosekani hata siku moja, wala halibadiliki, hata mwanamke wa Tanga au Lamu ambaye hajapata kulitia mguu duka la Mombasa aliweza kuitafuta alama ile, akaiamini, na akaikataa kanga isiyokuwa nayo. Kanga ilitembea njiani, ikaingia arusini, ikasafiri na wageni kwenye majahazi na magari moshi, na popote ilipofika ilitaja ilikotoka. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na kanga ya Abdulla ilijumlisha mambo yote mawili, maana ilikuwa chema, na ilitembea.

Sasa tuje kwenye mwaka 1993, mwaka ambao historia hii iligeuka kwa namna ya ajabu. Katika Januari ya mwaka huo kampuni ya Sears ilitangaza kukifunga kitabu chake kikubwa, kwa kuwa gharama zake zilishinda faida, na watu wakasema zama za kununua kwa orodha zimekwisha. Miezi michache baadaye, tarehe 30 Aprili, taasisi ya utafiti ya CERN iliyoko karibu na Geneva iliutoa bure kwa walimwengu wote mfumo wa kurasa zilizounganishwa ambao Tim Berners-Lee alikuwa ameupendekeza mwaka 1989 na kuuweka hadharani mwaka 1991. Kitabu kimoja kilifungwa, na kitabu kisichokuwa na mwisho wa kurasa kikafunguliwa. Laiti waliokifungua wangekuwa wamewauliza waliokifunga!

Tarehe 11 Agosti 1994, vijana wa kampuni ndogo iliyoitwa NetMarket, katika jimbo la New Hampshire, waliuza sahani ya muziki ya mwimbaji Sting kwa mtu aliyekuwa Philadelphia, kwa dola 12 na senti 48, mbali na gharama ya kupelekewa, na namba ya kadi ya mnunuzi ikapita mtandaoni hali imefichwa kwa hesabu za siri. Magazeti yaliitangaza habari hiyo kuwa mwanzo wa zama mpya. Kilichokuwa kipya ni ule usiri, ambao ulitoa jibu jipya kwa hofu ya zamani ya kupeleka fedha mbele. Mwaka uliofuata Amazon ikafungua duka lake la vitabu, na soko la eBay likaanza. Na mwaka 1996 eBay ikawawezesha wanunuzi kuandika hadharani sifa na lawama za wauzaji wao, kazi ileile ambayo chama cha wakulima kilimfanyia Ward.

Kwa mfanyabiashara mdogo, mlango ulifunguliwa hasa na programu iliyoitwa Viaweb, iliyotungwa mwaka 1995 katika mji wa Cambridge, Massachusetts, na Paul Graham na Robert Morris. Kwanza vijana hao walikuwa wamejaribu kuyatengenezea majumba ya sanaa kurasa za mtandaoni, lakini wenye majumba hawakuzitaka. Ndipo wakageuka kuwatazama wenye maduka ambao walitamani kuuza, wakawatengenezea chombo ambacho mtu asiyejua ufundi wowote wa kompyuta aliweza kukitumia kujenga duka lake mwenyewe, akabadilisha bei asubuhi na kuongeza picha jioni, bila ya kumwendea fundi. Mwaka 1998 kampuni ya Yahoo iliinunua Viaweb. Faida yake kwa wadogo ilikuwa katika uwezo wa kusahihisha. Kwani ukurasa ambao mwenyewe hawezi kuugusa huzeeka, bei zake hupitwa na wakati, na mteja aliyeahidiwa bei ya mwaka jana huondoka na hasira ya leo.

Lakini katika miaka ileile ghururi ikaingia. Kompyuta zilipata nguvu za kuchezesha picha, na watengenezaji wa tovuti, kwa kupenda ufundi wao, wakaanza kumpokea mgeni kwa michezo ya rangi na sauti kabla ya kumwambia kinachouzwa ni nini. Kampuni ya boo.com, iliyofunguliwa London katika Novemba 1999 ili kuuza nguo za kisasa katika nchi nyingi, ilitumia kiasi cha dola milioni 135 na ikaanguka katika Mei 2000. Sababu za kuanguka kwake zilikuwa nyingi, zikiwamo israfu na haraka. Ila mojawapo iliyotajwa na kila mtu ni kwamba kurasa zake zilijaa nakshi nzito zisizofunguka upesi kwa wateja waliotumia laini za simu za nyumbani, na mtu aliyekuja kununua viatu alijikuta akingoja mlangoni. Karatasi ya Ward yenye bidhaa 163 ilimheshimu mnunuzi kuliko kasri lile.

Wakati huohuo palikuwa na watu waliochukua njia ya upimaji. Jakob Nielsen na mwenzake John Morkes walichunguza namna watu wasomavyo kurasa za mtandaoni, na mwaka 1997 walieleza kwamba asilimia 79 ya waliochunguzwa waliupitia ukurasa mpya kwa macho wakiokota neno hapa na neno pale, na asilimia 16 tu ndio waliousoma neno kwa neno. Wakachukua maandishi yahusuyo mahali pa kutembelea katika jimbo la Nebraska, wakayaandika kwa namna mbalimbali. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida ya watangazaji, iliyojaa sifa za vivutio mashuhuri vipendwavyo na umati kila mwaka. Ya pili ilikuwa na maneno nusu ya yale. Ya tatu ilipangwa kwa orodha ili jicho lishike upesi. Ya nne ilieleza mambo yaleyale bila ya majisifu. Waliotumia maandishi mafupi walifaulu kuyatumia kwa asilimia 58 zaidi. Ya orodha, asilimia 47. Yasiyo na majisifu, asilimia 27. Na mambo yote matatu yalipokusanywa katika ukurasa mmoja, manufaa yaliongezeka kwa asilimia 124.

Hesabu ya ile namna ya nne ndiyo inayonigusa zaidi. Kuondoa majisifu peke yake, bila ya kufupisha wala kupanga upya, kulimsaidia msomaji. Kwa maana kila sifa iliyotiwa chumvi humlazimu msomaji kuitoa ile chumvi kabla ya kuifikia habari, na kazi hiyo humchosha. Rosenwald aliyajua hayo kwa kuhesabu bidhaa zilizorudishwa, na Nielsen aliyajua kwa kuwatazama wasomaji wenyewe.

Lipo somo jingine la miaka hiyo ambalo hulipiwa hadi leo. GeoCities, iliyoanza mwaka 1994, iliwapa watu viwanja vya bure mtandaoni, na mamilioni wakajenga kurasa zao humo, wakiwamo wachuuzi wengi wadogo. Yahoo ikainunua mwaka 1999, na katika Oktoba 2009 ikaifunga, na kurasa zile zikaondoka pamoja nayo. Aliyejenga katika kiwanja cha mwenziwe alikuwa hana la kusema. Wafanyabiashara wetu wanaouza kwa WhatsApp na Instagram wamefanya vyema kuwafuata wateja waliko, wala sitawashauri waondoke. Lakini jina lao la tovuti, lililosajiliwa kwa jina lao na kulipiwa nao kila mwaka, ni milki yao, na humo ndimo orodha, bei na ahadi zao zinapaswa kukaa, ili siku mwenye uwanja akibadilisha masharti, mteja ajue pa kuwafuata.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa mlango wake mwenyewe. Katika Machi 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya, na ule mgogoro wa malipo uliohitaji kadi na hesabu za siri huko Marekani ukapata kwetu njia ambayo hata mama muuza samaki aliifahamu kabla hajapata kuiona tovuti. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilifika pwani yetu, TEAMS ikitoka Fujairah hadi Mombasa, na SEACOM ikianza kazi katika Julai. Na mawasiliano yaliyokuwa yakitegemea setilaiti, ghali na ya kusuasua, yakapata njia pana. Wengi wa watu wetu hawakuyaona maduka ya mtandaoni kwa kompyuta ya mezani. Waliyaona kwanza kwa simu ya mkononi, juani, kwa bando lililonunuliwa kwa siku. Hukumu ya boo.com, kwa hiyo, inatuhusu sisi kuliko ilivyowahusu watu wa London, kwa kuwa picha nzito humla mteja wetu fedha kabla hajanunua chochote.

Tuchukue mfano wa fundi wa makasha huko Unguja. Ukurasa anaotengenezewa mara nyingi huanza kwa picha kubwa ya bahari inayobadilika polepole, kisha maneno ya kusema kwamba karakana inatoa huduma bora zenye viwango vya hali ya juu kwa wateja wote, kisha fomu ya kujaza jina na ujumbe. Maswali yote matano yamebaki bila ya jibu. Tuuandike upya kwa kufuata waliotutangulia. Juu kabisa: makasha ya mninga yenye misumari ya shaba, yanatengenezwa kwa mkono Mji Mkongwe. Chini yake picha ya kasha moja, nyepesi kufunguka, likiwa wazi ili ndani yake ionekane, na ya pili ya pembe mojawapo kwa karibu, mahali ambapo mnunuzi angepitisha kidole lau angekuwapo. Kisha urefu, upana na kimo kwa sentimita. Bei kwa shilingi, na kwa dola kwa wageni. Siku za kazi. Gharama ya kulipeleka Dar es Salaam, Mombasa au Muscat. Na ahadi ya nini kitafanyika ikiwa kifuniko kitapinda. Jina la fundi, picha yake akiwa kazini, ramani ya karakana, namba ya simu inayobonyezeka, namna ya kulipa. Yote kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza pembeni, na kwa maneno ambayo mtu huyaandika kweli anapotafuta kasha, kwa sababu mtambo wa kutafuta humleta mgeni kwa maneno yake mwenyewe.

Hapana moja katika hayo lililo gumu kwa fundi au lenye kuhitaji fedha nyingi. Gumu ni kukubali kwamba ukurasa ule ni wa mteja. Kwamba kikubwa juu yake kiwe kile ambacho mteja anakitafuta, kama lilivyo jina la kanga, na alama ya mwenye mali ikae mahali pake, ndogo lakini thabiti. Na ukurasa ukiisha kuandikwa, apewe mtu asiyeijua karakana, simu mkononi, aulizwe maswali yale matano, aachwe ayatafute majibu bila ya kusaidiwa. Atakaposita ndipo penye kazi. Kisha daftari lifunguliwe: wangapi walipiga simu mwezi huu, waliuliza nini, na ni swali lipi lililorudiwa na wengi, kwani swali linalorudiwa na wateja ni sentensi iliyokosekana kwenye ukurasa.

Wala asikate tamaa ambaye ukurasa wake wa kwanza haukuleta mtu. Ward mwenyewe alianza kwa moto, akatoa karatasi mwaka 1872, akashukiwa mwaka 1873, na ahadi iliyomletea amana ya watu haikuandikwa hadi mwaka 1875. Na katika miaka hiyo mitatu kazi yake kubwa ilikuwa kusikiliza walichokihofu wakulima, na kukijibu kwa maandishi, kimoja baada ya kimoja. Muuzaji mdogo wa leo, ambaye anaweza kuurekebisha ukurasa wake kwa saa moja, ana wepesi ambao Ward hakuupata maishani mwake. Kilichobaki ni subira ya kusikiliza, na uaminifu wa kuandika kile tu ambacho yu tayari kukitimiza.